Saa ya tarakilishi inapopotoka, mtumiaji asiadhibiwe

SIKU ya mwisho ya wananchi kuwasilisha ripoti za ushuru wa mapato kwa mamlaka ya ushuru, KRA, ni Juni 30 kila mwaka. Nyakati kama hizo, mteja aliyeketi katika saiba mjini Thika au Ruiru huenda akakuta tarakilishi ikikataa kabisa kufungua tovuti anayoitaka na kumwonya kuwa si salama. Mtandao upo, tovuti ni nzima, na nywila yake ni sahihi. Kilichopotoka ni saa ya mashine.

Kila tovuti salama ina cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya mashine. Mashine ikidhani kwamba huu ni mwaka wa 2010, cheti halali huonekana kama ambacho muda wake bado haujaanza.

Hitilafu hiyo ina sababu kadhaa. Ndani ya tarakilishi ya mezani mna betri ndogo ya mviringo, aghalabu ya aina ya CR2032 yenye volti 3, inayoendesha saa wakati umeme haupo. Katika mashine kuukuu, betri hiyo huwa imechoka. Umeme ukikatika, saa hurudi kwenye tarehe iliyowekwa na mtengenezaji.

Sababu ya pili ni majira ya eneo. Kenya iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, UTC. Mashine iliyoachwa kwenye majira ya pwani ya magharibi mwa Marekani, ambayo wakati wa baridi huwa nyuma ya UTC kwa saa 8, inaweza kurekebishwa tarakimu zake zikalingana na saa ya ukutani. Kwa macho iko sawa, lakini kwa hesabu yake ya ndani imetangulia kwa saa 11.

Sababu ya tatu ni ya kwetu. Anayehesabu saa kwa Kiswahili, akaandika 2:00 kwa maana ya saa mbili asubuhi, huifanya mashine ichelewe kwa saa 6.

Je, mtunzi wa programu afanye nini? Mwaka wa 1980, Mmarekani Jon Postel alishauri katika viwango vya mawasiliano ya mtandao kwamba programu iwe makini katika inachotuma, na mvumilivu katika inachopokea. Shirika la Let's Encrypt, lililoanza kutoa vyeti mwaka wa 2015, hurudisha nyuma kwa saa moja muda wa kuanza kwa cheti ili saa zilizochelewa kidogo zisikikatae. Kivinjari cha Chrome nacho, kikigundua kwamba kosa ni la saa, humweleza mtumiaji hivyo badala ya kuilaumu tovuti. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa saa mbovu za watumiaji ni miongoni mwa sababu kuu za maonyo hayo.

Hata hivyo, uvumilivu una mpaka. Kivinjari kikipuuza tarehe kabisa, mhalifu aliyeiba cheti kilichokwisha muda pamoja na ufunguo wake wa siri angeweza kujifanya benki. Waraka wa wataalamu wa viwango vya mtandao uliotolewa mwaka wa 2023 ulionya pia kuwa makosa yanayofichwa bila kurekebishwa hugeuka kuwa mazoea.

Kwa hivyo, wanafunzi wanaosomea taaluma hii katika chuo kikuu cha JKUAT mjini Juja, kati ya Ruiru na Thika, wana funzo hapa. Programu ya malipo inafaa kurekodi muda wa seva, si wa mashine ya mteja. Mwezi uandikwe kwa herufi, maana 03/04 ni Aprili 3 kwa mmoja na Machi 4 kwa mwingine. Saa zikitofautiana, programu imwonyeshe mtumiaji zote mbili na kumweleza namna ya kurekebisha.

Mwenye saiba naye akague kwanza majira, yawe ya Nairobi, kisha tarehe. Hitilafu ikirejea kila umeme unapokatika, abadilishe betri. Kubonyeza kitufe cha kupuuza onyo si dawa, hasa pale ambapo mteja anakaribia kuandika nywila yake.