Pumzi ya Maabara na Pumzi ya Mgonjwa

Dawa ya pumu iliyo katika hali ya unga hutofautiana na ile ya kopo la kubonyezwa kwa jambo moja la msingi: haina gesi ya kuisukuma, bali mgonjwa mwenyewe, kwa nguvu ya kuvuta pumzi, ndiye anayeung'oa unga kutoka kwenye kifaa na kuupeleka mapafuni. Chembe za dawa husagwa hadi ziwe na upana wa kati ya maikromita 1 na 5, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa kuwa chembe ndogo kiasi hicho hushikamana, mara nyingi huchanganywa na chembe kubwa za laktosi, yaani sukari ya maziwa, ili ziweze kupimwa na kumiminika. Ni pumzi inayopaswa kuzitenganisha, na isipoweza, dawa hugonga koo na kumezwa.

Maabara huchunguza jambo hilo kwa impakta, mtambo wenye ngazi kadhaa za matundu yanayozidi kuwa membamba, ambamo chembe kubwa hunaswa juu na ndogo chini, kisha dawa iliyobaki katika kila ngazi huoshwa na kupimwa. Famakopia, yaani vitabu rasmi vya viwango vya dawa, za Marekani na Ulaya hutaka pampu ifyonze hewa kupitia kifaa kwa tofauti ya mgandamizo ya kilopaskali 4 hadi lita 4 zipite, kwa mwendo usiobadilika, na kupitia bomba lililopindwa kwa pembe mraba badala ya koo. Utaratibu huo unafaa kabisa kulinganisha toleo moja la kiwanda na jingine, lakini ni kosa kuuchukua kuwa ushahidi wa kile anachokipata mgonjwa. Pumzi ya binadamu hupanda hadi kilele kisha hushuka, na mtoto au mzee mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa huenda asifikie mgandamizo huo wala lita hizo.

Ndiyo maana watafiti wameunda koo la bandia lenye umbo linalokaribia la binadamu, likiwemo lile la Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, pamoja na mashine inayoiga pumzi zilizorekodiwa kwa wagonjwa, dhaifu na zenye nguvu. Ugumu ni kwamba impakta hutenganisha chembe kwa usahihi pale tu hewa inapopita kwa kasi moja. Kwa hiyo hewa ya ziada huingizwa baada ya koo hilo, ikijazia pale pumzi inapopungua, hivi kwamba kifaa huona pumzi inayobadilika ilhali impakta huona mkondo mmoja.

Tofauti hii kati ya pumzi ya maabara na ya mgonjwa inagusa moja kwa moja Kaunti ya Kajiado nchini Kenya. Mji wake wa Kitengela unapakana na eneo la viwanda vya saruji la Athi River, na katika nyumba za Wamaasai moshi wa kuni umekuwa tatizo kiasi kwamba shirika la ITDG, ambalo sasa ni Practical Action, liliendesha huko mradi wa kupunguza moshi kuanzia mwaka 1998. Mapafu yaliyochoshwa na moshi kwa miaka mingi ndiyo yasiyofanana na pampu ya maabara. Isitoshe, Marekebisho ya Kigali, makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016, yanapunguza matumizi ya gesi za jamii ile inayotumika katika makopo ya dawa, na huenda vifaa vya unga vikaongezeka. Bodi ya Famasia na Sumu, inayosajili dawa nchini Kenya, ingefaa idai matokeo ya pumzi dhaifu pia.

Kwa sasa, kinachojulikana kutokana na vipimo hivyo ni kwamba unga mwingi hutoka mwanzoni mwa pumzi, hivyo mgonjwa hufundishwa kutoa hewa mbali na kifaa, kisha kuvuta kwa nguvu tangu mwanzo. Asiyeweza hufaa zaidi kupewa kopo pamoja na chemba ya plastiki inayoihifadhi dawa hewani hadi aivute.