Kosa la Kibinadamu Katika Huduma ya Dharura: Chanzo na Kinga Yake

Huduma ya dharura hukusanya mahali pamoja karibu kila kitu kinachozaa makosa. Mgonjwa huletwa akiwa hajitambui, historia yake haijulikani, na uzito wake hukisiwa kwa macho. Uamuzi ambao wodini ungechukua nusu saa hufanywa kwa dakika chache, ndugu wakilia pembeni au gari la wagonjwa likiruka mashimo barabarani. Hospitalini, dawa hupita kwa daktari anayeiandika, mfamasia anayeitoa na muuguzi anayeidunga, na kila mmoja anaweza kugundua kosa la aliyemtangulia. Ndani ya gari la wagonjwa kazi hizo zote mara nyingi hufanywa na mtu mmoja, na akikosea hakuna wa kumwahi.

Mwanasaikolojia wa Uingereza James Reason, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu makosa ya binadamu, aliyagawa makosa hayo kwa aina. Kuteleza ni pale mtu anapojua la kufanya lakini mkono ukafanya jingine: amekusudia ampuli hii, akachukua ya jirani yake inayofanana nayo. Kusahau ni kuruka hatua, kama kuondoka kituoni bila kuangalia iwapo mtungi wa oksijeni umejaa. Kukosea uamuzi ni kufanya kwa ustadi jambo lisilofaa, kwa sababu ugonjwa umetambuliwa sivyo. Kukiuka taratibu kwa makusudi alikuweka kando, na sababu yake ni nzito: kila aina ina tiba yake. Kumkaripia aliyesahau hakumwongezei kumbukumbu, na kumpeleka kozi aliyeteleza hakumfundishi kitu, kwa kuwa alikuwa anajua tangu mwanzo.

Dawa ndizo zinazoonyesha hatari hiyo waziwazi. Adrenalini huja kwenye ampuli ndogo ya mililita moja yenye miligramu 1. Mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali hupewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja. Moyo ukisimama, hupewa miligramu 1 kupitia mshipa. Dawa ni ileile, ampuli ni ileile, lakini dozi ya moyo uliosimama ikidungwa mshipani mwa mgonjwa wa mzio ambaye moyo wake unapiga, inaweza kuvuruga mapigo na kupandisha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua. Kwa watoto hatari huongezeka, kwani dozi hukokotolewa kwa kilo. Nukta ya desimali ikisogea nafasi moja, mtoto hupewa dawa mara kumi ya anayostahili.

Utambuzi wa ugonjwa nao una mitego yake. Mtu ambaye sukari imeshuka hutokwa jasho, huyumba, huongea maneno yasiyoeleweka na pengine hupigana na wanaomshika. Akiokotwa usiku karibu na baa, hudhaniwa amelewa na kuachwa alale, huku ubongo wake ukiendelea kukosa sukari. Tone moja la damu kwenye kipimo lingetosha kumwokoa. Ndiyo maana wahudumu wa dharura hufundishwa kumkagua kila mgonjwa kwa mpangilio uleule: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu pamoja na sukari, kisha mwili mzima. Mpangilio huo humlinda mgonjwa dhidi ya wazo la kwanza la anayemhudumia.

Akili iliyokwisha kushika wazo moja huona vigumu kuliachia, hasa ikiwa na hofu. Mwaka 2005 nchini Uingereza, mke wa rubani Martin Bromiley alilazwa kwa upasuaji wa pua uliopangwa. Alipopewa dawa ya usingizi, hewa ikakataa kupita. Madaktari bingwa wenye uzoefu waliendelea kujaribu kumwingiza mrija kupitia mdomoni, ingawa oksijeni mwilini ilikuwa imeshuka mno. Wauguzi walikuwa wameshaleta vifaa vya kutoboa koo, lakini hakuna aliyesema kwa namna ya kuwafanya madaktari wabadili njia. Mgonjwa alifariki dunia siku 13 baadaye. Bromiley alidai uchunguzi ili wengine wajifunze, na mwaka 2007 akaanzisha Clinical Human Factors Group, kundi linalopeleka elimu hiyo hospitalini.

Kwa rubani, kisa hicho hakikuwa kigeni. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia kisiwani Tenerife na kuua watu 583. Fundi wa safari katika ndege moja alikuwa ameuliza kama nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu akalipuuza swali lake. Ajali hiyo ilichangia kuanzishwa kwa mafunzo yanayomtaka mdogo kusema anapoona hatari na mkubwa kumsikiliza. Katika hospitali za Afrika Mashariki, ambako heshima kwa daktari na kwa aliyetangulia umri ni malezi, mafunzo hayo yanahitajika kwa dhati. Kumwonya mkubwa kwa ajili ya mgonjwa si utovu wa adabu.

Uchovu huongeza kila aina ya kosa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Zamu ya saa 24 humfikisha mhudumu huko na kumpitisha, akiwa bado anashika sindano au usukani.

Kinga nyingi hazihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kurudia agizo: daktari akisema "adrenalini nusu miligramu, msulini", muuguzi hulitamka tena kabla ya kuvuta dawa, kisha husema akishaidunga. Ya pili ni kukabidhi mgonjwa kwa utaratibu maalumu, yaani hali yake sasa, historia, tathmini na kinachopendekezwa, wote wakiwa wamenyamaza kusikiliza. Ya tatu ni orodha ya ukaguzi. Orodha ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, Ifakara nchini Tanzania ukiwa mmojawapo. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kilichoongezwa ni karatasi moja na nidhamu ya kuisoma kwa sauti. Baadaye WHO ilitoa orodha za aina hiyo kwa majeruhi na wagonjwa wa dharura.

Kosa likishatokea, linalofuata huamua kama litajirudia. Mhudumu anayejua atafukuzwa kazi atalificha, na kituo hakitajifunza. Kinachohitajika ni kupambanua: aliyeteleza apewe msaada na mazingira yake yarekebishwe, aliyekiuka taratibu kwa uzembe awajibishwe. Ampuli zinazofanana zitenganishwe, vifaa vikaguliwe mwanzoni mwa kila zamu, na kila taarifa ya kosa ijibiwe kwa hatua inayoonekana. Mgonjwa na ndugu zake nao waelezwe ukweli mapema, na waombwe radhi. Hiyo ni haki yao, na bila hiyo imani katika huduma ya dharura haiwezi kusimama.