Mgeni Anapokawia Usukumani

Mtu akihamia nchi ya ugenini akakaa humo miaka kumi au ishirini, kinachotangulia kubadilika si itikadi yake wala rai zake juu ya ulimwengu, bali ni mkono wake, sauti yake na namna yake ya kuingia nyumbani mwa mtu; na mabadiliko hayo aghalabu humjia bila ya mwenyewe kutambua, hata siku anaporudi kwao akaambiwa na jamaa zake kwamba amekuwa mwingine. Sisi tunaoshughulikia elimu ya jamii tumezoea kulieleza jambo hili kwa mifano ya mbali, kama ule wa Wazungu wanaohamia Thailand, ambao hujifunza huko kuvua viatu mlangoni, kuamkia kwa kuviunganisha viganja mbele ya kifua, na kuizuia ghadhabu isionekane usoni, kwa kuwa katika nchi ile mwenye kupayuka mbele za watu hujivunjia heshima yeye kabla ya kumvunjia anayemgombeza. Mfano huo ni mzuri, lakini nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita imepokea wageni wa kila asili kwa muda mrefu, na waliyoyapata hapa yanatosha kutufundisha.

Na tuanze na maamkizi, maana hapo ndipo mgeni anapojikwaa kwanza. Msukuma huamkia asubuhi kwa kusema “Mwangaluka”, na jua likisha pinduka husema “Mwadila”. Kisha huulizana kama ni mhola, yaani kama kuna amani na uzima, na baada ya hapo hufuata habari za nyumbani, za ukoo, za ng’ombe na za mvua, ndipo shida iliyomleta mtu itajwe. Atoaye kitu hukitoa kwa mkono wa kuume huku wa kushoto ukiushika kiwiko, na mwanamke aliyelelewa katika ada za zamani hupiga goti mbele ya mkubwa wake. Ajnabi mwenye haraka huyaona haya kuwa ni upotezaji wa wakati, ilhali wenyeji wanamwona yeye kuwa ni mtu aliyekosa malezi.

Namkumbuka fundi mmoja wa mitambo, mtu wa Australia, aliyekuja Geita siku mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, na ambaye mkataba wake ulipokwisha hakurudi kwao, bali alipanga nyumba Nyankumbu akawa anawatengenezea wachimbaji wadogo pampu na makarasha yao. Siku moja tulikuwa tumeketi barazani kwake, akaja kijana mbio na pampu iliyokufa, kwani duara lao lilikuwa likijaa maji na wenzake walikuwa wakimngoja juu ya shimo. Fundi aliweka spana chini, akajipangusa mkono kwa kitambaa, akampa kijana mkono huku ameshika kiwiko chake, akamwuliza hali ya mama yake aliyekuwa mgonjwa, akamsogezea kigoda. Na baada ya hayo yote, ambayo hayakuzidi dakika tatu, ndipo alipoigeukia pampu. Aliniambia kwamba zamani akiletewa chombo kibovu alikuwa akiuliza moja kwa moja kina nini, na hakufahamu kwa nini watu walikuwa wakipita mlangoni kwake na kupeleka kazi kwa mafundi wasiomfikia kwa ujuzi. Saa ya ukutani kwake ilikuwa ikionyesha saa nne, nami nilipotazama saa yangu ya mkononi, niliyokuwa nimeitega kwa hesabu ya Kizungu, niliona mshale uko kwenye kumi. Naye alikuwa ameirudisha yake saa sita nyuma ili iende sawa na ulimi wake.

Huyu alikwenda kwao kusalimu baada ya miaka tisa, na aliporudi alinisimulia habari ambayo siachi kuwaeleza wanafunzi wangu. Mtu alijikwaa mbele yake njiani, naye akamwambia “pole” kwa lugha ya kwao, kwa neno lile ambalo huko ni la kuomba radhi. Yule mtu akamjibu kwamba hakuwa na kosa lolote. Lugha yake ya kuzaliwa haikuwa na chombo cha kubebea huruma ile ndogo ya kila siku ambayo alikwisha izoea, na aliniambia kwamba hapo ndipo alipohisi kwamba amepungukiwa na kitu.

Wapo kwa upande mwingine wageni waliofanya kazi Geita miaka mingi kama yeye na mazoea yao hayakugeuka hata kidogo, na sababu yake si kiburi. Wanakaa ndani ya uzio, wanakula chakula cha kambini, wanakuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege kwa zamu za majuma, na hawamhitaji jirani kwa chumvi wala kwa maji. Mfano wa mji wa namna hiyo ulitangulia zamani huko Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na ambako, mpaka alipofariki mwaka 1958, alikuwa amekwisha jenga mji kamili wenye hospitali na shule, uliozungukwa na ulinzi mkali kwa ajili ya mali iliyomo. Nionavyo mimi, kinachombadilisha mgeni ni kuhitaji: ahitajiye jirani hujifunza jirani anavyoombwa, na asiyehitaji, hata akikawia dahari, hubaki kama alivyoshuka.

Wamisionari na wataalamu walihitaji sana, kwa kuwa kazi yao yenyewe ilikuwa ni watu. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alijikalisha na waganga na wacheza nyoka na wazee wa mabaraza, na kitabu chake cha mwaka 1953 juu ya sheria na desturi za Wasukuma ni matunda ya kusikiliza. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, huko Bujora karibu na Mwanza, alizitia ngoma za Kisukuma katika ibada, akaziingiza ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu katika sikukuu ya Bulabo, na akaanzisha makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hata leo. Padre Donald Sybertz, Mmarekani wa Maryknoll, alidumu Shinyanga akikusanya methali na hadithi pamoja na wenyeji wa Ndoleleji, hata elimu ya dini aliyokuja nayo ikaanza kusemwa kwa mafumbo ya Kisukuma. Na mwaka 1996 kikatoka kitabu alichoandika pamoja na mwenzake Joseph Healey. Mtu aliyekuja kufundisha amekuwa mwanafunzi, na kwangu mimi hilo ni jambo la kustahiwa sana.

Hata mazoea ya kazi hugeuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulipoanza mwaka 1986 wenye elimu ya misitu walitilia mkazo vitalu vya miche. Baadaye walitambua kwamba wenyeji wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike wakati wa kiangazi, na kwamba ardhi iliyofungwa hivyo huotesha miti yenyewe bila ya kupandiwa.

Lakini kugeuka huko kuna milango yake. Wahindi wa madukani, waliokuwa wakinunua pamba na kuuza kaniki, walikuwa wakisema Kisukuma kwa ufasaha mbele ya kaunta, wakajua kusalimu na kupunguza bei kwa adabu, na nyuma ya pazia wakabaki na jiko lao, ibada yao na ndoa zao. Sokoni mtu hubadilika kwa mwezi, mezani kwa mwaka, ama katika ugonjwa, arusi na mauti hukawia sana, na wengi hawafiki kabisa. Mgeni aliyekula ugali na dagaa kwa miaka kumi bado akifiwa na jirani hupeleka rambirambi, akakaa nusu saa, akarudi kwake kulala kitandani.

Mwaka jana nilipita Nyankumbu kumtazama yule fundi, nikakuta mlango umefungwa na spana zimepangwa juu ya gogo. Mtoto wa jirani aliniamkia, akanipa mkono kwa taadhima, akaniambia kwamba babu yuko msibani nyumba ya tatu, huu usiku wa pili, analala nje na wanaume wenzake, na kwamba asubuhi ile alikuja mara moja tu kuchukua blanketi.