Kushuku, Kutuhumu na Kudhania: Msamiati wa Kumtilia Mtu Shaka na Athari Zake katika Lugha ya Sheria

Makala hii inafafanua maneno matatu ambayo Kiswahili huyatumia kueleza hali ya kumtilia mtu shaka: shuku, tuhumu na dhania. Yote yana asili ya Kiarabu na mara nyingi huchukuliwa kuwa visawe. Hata hivyo, matumizi yake yanatofautiana, na tofauti hizo zinagusa haki ya mtu ambaye hatia yake haijathibitishwa.

Kitenzi shuku kinatokana na mzizi uleule uliozaa nomino shaka. Hurejelea jambo la moyoni: mtu anaweza kumshuku jirani yake miaka mingi bila kutamka neno. Tuhumu ni kizito zaidi. Katika Kiarabu, nomino iliyozaa tuhuma hubeba maana mbili, yaani shaka na shutuma, na Kiswahili kimezirithi zote. Kwa hiyo sentensi "Ninamshuku, lakini sijamwambia mtu" haina utata, ilhali tukiweka "ninamtuhumu" mahali pake, maana inayumba, kwa kuwa tuhuma aghalabu hutarajiwa kutamkwa. Dhania nacho huonyesha makisio. Methali "Adhaniwaye ndiye, kumbe siye" inatahadharisha kwamba makisio hayo huweza kumwangukia asiyehusika.

Tofauti hizi zimegawanyika pia kwa mipaka ya nchi. Vyombo vya habari vya Kenya humwita mtu anayechunguzwa na polisi mshukiwa, ilhali vya Tanzania hupendelea mtuhumiwa. Mtu wa aina moja, katika hatua ileile ya uchunguzi, huonekana upande mmoja kama anayewaziwa na upande mwingine kama aliyekwisha kunyooshewa kidole. Baada ya kufikishwa mahakamani huitwa mshtakiwa katika nchi zote mbili.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(2)(a), inalinda haki hiyohiyo. Lakini ulinzi huo unaweza kubomolewa na sarufi ya sentensi moja. Kauli "mshukiwa aliyeiba ng'ombe" inajipinga yenyewe: nomino inasema hatujui, kishazi kinasema tunajua. "Mshukiwa anayedaiwa kuiba ng'ombe" huihifadhi shaka mahali pake.

Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa. Mtaani, shaka humwelemea mtu. Ndiyo maana tunasema "ametiliwa shaka". Mahakamani, shaka huuelekea ushahidi: upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yenye msingi, na shaka hiyo ikibaki, mshtakiwa huachiwa huru. Neno lilelile linalomtia mtu mashakani nje ya mahakama ndilo linalomkinga ndani yake. Mfasiri asiyetambua mgeuko huu anaweza kuhamishia kwa mtu mzigo uliopaswa kubebwa na ushahidi.

Suala hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Tanzania iliporekebisha sheria zake na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, mshukiwa litumike kabla ya mashtaka, na mshtakiwa baada yake. Pili, tuhuma libaki kuwa jina la madai yaliyotamkwa, na anayeyatamka atajwe. Tatu, miongozo ya wanahabari na ya wafasiri wa mahakama ieleze matumizi ya vishazi sambamba na istilahi. Usanifishaji wa jina pekee hautoshi, iwapo kitenzi kinacholifuata kimekwisha kutoa hukumu.