Mkasi wa Mpiga Picha na Moyo wa Mtazamaji

Hudhaniwa na wengi kwamba kazi ya mpiga picha humalizika pale anapobonyeza kamera yake. Lakini baada ya hapo huja uamuzi wa pili: sehemu ipi ya picha ibaki, na ipi ikatwe. Katika picha ya gwaride au ya mkutano, mkasi huondoa tu yale yasiyohitajika. Katika picha za dhahania, yaani zile zisizokusudia kuonyesha kitu kinachotambulika mara moja, mkasi waweza kugeuza maana yote, na pamoja nayo hisia za mtazamaji. Ndugu zetu wa jeshi na polisi, ambao kazi yao huwalazimu kusoma picha, yafaa walijue jambo hili.

Na tuchukue mfano. Mwaka 1920, mjini New York, Mmarekani Man Ray alifika katika chumba cha kazi cha rafiki yake, msanii Mfaransa Marcel Duchamp. Humo mlikuwa na kioo kikubwa, sehemu ya kazi ambayo Duchamp alikuwa akiitengeneza kwa miaka kadhaa. Kililazwa na kuachwa makusudi mpaka kikajaa vumbi. Man Ray alikipiga picha kwa mwanga wa taa ya umeme. Kwa masimulizi yake mwenyewe, waliiacha kamera wazi, wakaenda kula, na waliporejea baada ya kama saa moja wakaifunga.

Picha nzima ilionyesha mwisho wa kioo na sehemu ya chumba kilichokuwa nyuma yake. Lakini sehemu hiyo ikikatwa, hakuna kinachobaki cha kumwambia mtazamaji ukubwa wa kile anachokitazama. Vumbi laonekana kama udongo na vilima. Nyaya za madini ya risasi zilizobandikwa kiooni zaonekana kama barabara. Oktoba 1922, gazeti la Littérature la Paris liliitoa picha hiyo likieleza kwamba ilipigwa kutoka katika ndege. Wakati huo miaka 4 tu ilikuwa imepita tangu Vita Kuu ya Kwanza kwisha, na Ulaya ilikuwa imekwisha kuzizoea picha za angani za mahandaki na mashamba yaliyochimbwa na mizinga. Uchafu wa chumbani uliweza basi kusimama kama alama ya nchi iliyoharibiwa, na moyo ukaingiwa na ukiwa.

Mpiga picha mwingine wa Marekani, Alfred Stieglitz, alianza mwaka 1922 kupiga picha za mawingu. Katika baadhi ya zile za mwanzo vilima vilionekana chini ya mbingu. Baadaye aliiondoa ardhi kabisa, mara nyingi kwa kuielekeza kamera juu tu, bila haja ya mkasi. Ardhi ilipotoweka, mtazamaji hakuwa tena na hakika ya juu wala chini, na mawingu hayakumweleza tena habari ya mvua au jua. Stieglitz aliziita picha hizo Equivalents, maana yake vilinganifu, kwa kuwa alitaka zilingane na yaliyokuwamo moyoni mwake.

Msomaji aweza kulijaribu jambo hili mwenyewe. Atwae vipande viwili vya karatasi ngumu vilivyokatwa kwa umbo la herufi L, avipange juu ya picha ya ukuta uliopasuka, kisha avisogeze. Dirisha likionekana, huo ni ukuta unaohitaji fundi. Dirisha likifichwa, ufa wageuka mto uonekanao kutoka juu, au ishara ya ndugu waliotengana. Akibakiza ukanda mwembamba uliosimama, atahisi urefu na wasiwasi. Akibakiza ukanda uliolala, atahisi utulivu. Ufa ukikomea ndani ya picha, mambo yaonekana yamekwisha. Ukikatwa na ukingo, yaonekana yangali yakiendelea.

Msanii ana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa hamtolei mtu ushahidi. Sisi tulio kazini hatuna haki hiyo. Mpelelezi hupiga kwanza picha ya mahali pote, kisha huja karibu, na huweka rula kando ya alama ili ukubwa wake ujulikane. Msomaji wa picha za angani naye huuliza kwanza kipimo, upande wa kaskazini na mwelekeo wa vivuli. Mambo hayo ndiyo yale yale ambayo picha ya vumbi iliyokatwa humnyima mtazamaji.

Kwa hiyo, picha ikitugusa sana moyo, tuulize kwanza ukingo wake ulipita wapi, na ni nani aliyeuweka hapo. Na picha yoyote iliyokatwa kwa ajili ya taarifa, ile nzima na ihifadhiwe pamoja nayo, kwani huenda uhuru wa mtu ukategemea kile kilichoachwa nje.