Kisu cha Mwindaji wa Ujerumani

Mwindaji akienda porini anahitaji vyombo vingi, lakini mfuko mzito humchosha. Kwa hiyo mafundi wa Ujerumani walitengeneza kisu cha kukunja chenye vyombo vingi ndani ya mpini mmoja.

Visu hivyo vilitoka hasa katika mji wa Solingen, karibu na mto Wupper. Tangu zamani sana watu wa huko walifua panga na visu. Maji ya mito yaligeuza magurudumu, nayo magurudumu yaligeuza mawe makubwa ya kunolea. Kazi iligawanywa: mmoja alifua chuma, mwingine alikitia ugumu kwa moto, mwingine alinoa, mwingine alitia mpini. Sifa yao ikaenea, hata wadanganyifu wakaandika jina la Solingen juu ya visu vibovu. Ndiyo maana mwaka 1938 sheria ilitolewa kulinda jina hilo.

Sasa tutazame sehemu za kisu.

Ubapa wa kwanza ni mrefu, una ncha kali. Kazi yake ni kukata nyama na kuchuna ngozi.

Wa pili ni msumeno. Meno yake hukata mfupa wa kifua na wa nyonga.

Wa tatu ni wa kupasulia tumbo la mnyama. Ncha yake ni butu. Kwa nini? Kwa sababu ncha kali ikitoboa matumbo, uchafu humwagika na nyama huharibika. Ncha butu husukuma matumbo kando, na makali yaliyo nyuma yake hupasua ngozi.

Mara nyingi kiko pia kizibuo cha kufungulia chupa, na chombo cha kutolea maganda ya risasi. Zamani maganda ya bunduki ya marisau yalikuwa ya karatasi ngumu. Yakilowa yalivimba, yakakwama ndani ya bunduki. Chombo hiki hushika ukingo wa ganda na kulivuta.

Mpini hufanywa kwa pembe ya mnyama wa misitu ya Ulaya, ambaye pembe zake zina matawi. Dume huziangusha kila mwaka, kisha huota nyingine. Pembe hiyo ina mikwaruzo, nayo haitelezi upesi mkono ukiwa na damu.

Sehemu moja ni ndogo, lakini hulinda vidole: ni kufuli. Mgongoni mwa mpini iko kamani, yaani chuma kinachorudi chenyewe kikipindwa. Ubapa ukifunguka wote, jino la kamani huingia katika pengo lake na kuuzuia usirudi. Kufuli ikiwa imelegea, au ikiwa imejaa uchafu, ubapa waweza kujifunga ghafula na kukata vidole. Basi, mwindaji mwenye akili hujaribu kufuli kwanza, ndipo aanze kazi.

Kazi ikiisha, huosha kisu, hukikausha vizuri, na kutia tone la mafuta penye kiungo. Chuma cha visu vya zamani hushika kutu upesi, na kutu huharibu kamani.

Chombo kizuri hakimwokoi mzembe.

Maulizo
1. Kwa nini ubapa wa tatu una ncha butu?
2. Kwa nini sheria ya mwaka 1938 ilitolewa?
3. Kufuli ya kisu yafanyaje kazi?
4. Taja mambo matatu ya kutunza kisu.