Uchaguzi wa Kamera za Video kwa Filamu na Uhifadhi wa Lugha Mkoani Singida

Mkoa wa Singida, ulio katikati ya Tanzania, ni mahali ambapo jamii kubwa za lugha za Afrika hukutana kwa karibu mno. Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu ni lugha za Kibantu. Kitaturu ni lugha ya Kiniloti. Tena upande wa Mkalama, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, huishi baadhi ya Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko wala haijathibitishwa kuwa na ndugu popote. Wasemaji wa lugha hiyo hukadiriwa kuwa elfu moja hivi tu. Mtu atakaye kutengeneza filamu katika nchi ya namna hii, hata kama nia yake ni hadithi ya kubuni, hukuta kwamba anakusanya pia ushahidi wa lugha, na kazi yake yaweza kuwa na thamani miaka mingi baada ya watazamaji wa kwanza kuisahau.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa kamera si jambo la mafundi peke yao. Kamera isiyofaa huweza kuleta picha ya kupendeza pamoja na sauti isiyoweza kuchunguzwa, na mzee msimuliaji akisha kufariki hakuna awezaye kumrudisha aseme tena mbele ya chombo kilicho bora. Makala haya yanalinganisha aina kuu za kamera za video za dijitali zitumiwazo na watengenezaji wa filamu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na kuzipima kwa mahitaji ya Singida: lugha zenye toni na vidoko, upepo, vumbi, jua kali, na uhaba wa umeme vijijini.

Tatizo la kupatanisha picha na sauti si geni katika Tanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za elimu lililoongozwa na Notcutt na Latham, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Picha zilipigwa katika filamu ya milimita 16, na maneno yakatiwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Njia hiyo ilipunguza gharama, na iliwezesha filamu moja kupewa maneno ya lugha zaidi ya moja. Lakini maneno hayakutoka vinywani mwa wale walioonekana. Mwaka 1952 ilipotolewa Muhogo Mchungu, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, watazamaji wa Tanganyika waliwaona watu wa kwao wakisema Kiswahili katika mchezo kamili. Hata hivyo vyombo vya wakati huo vilikuwa vizito na ghali, na mtu wa kawaida hakuweza kuvimiliki.

Hali ilibadilika mwaka 1995, kanda ndogo za dijitali zilipoingia sokoni. Kamera ya Sony VX1000 ya mwaka huo ilikuwa na vihisi vitatu, yaani vipande vitatu vipokeavyo mwanga na kuugeuza kuwa umeme, na mtu mmoja aliweza kuibeba. Katika mfumo wa picha 25 kwa sekunde, picha yake ilikuwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Kwa macho ya leo hicho ni kipimo kidogo, maana picha ya kawaida ya sasa ina nukta 1920 kwa 1080, na ile iitwayo 4K ina 3840 kwa 2160. Lakini sauti ya kanda hizo ilikuwa nzuri kuliko wengi wanavyodhani: iliweza kuandikwa bila kubanwa, kwa vipimo 48,000 katika kila sekunde. Mchunguzi wa fonetiki aliyerekodi kwa kamera hiyo na maikrofoni njema bado aweza kuitumia sauti yake leo, mradi amekwisha kuihamisha kutoka katika kanda. Maana mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 2008, kamera ya picha mnato Canon 5D Mark II ilipopewa uwezo wa kupiga video. Kihisi chake kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, na picha yake ilifanana na ya sinema kwa bei ambayo vijana wengi waliweza kuichangia. Wapiga filamu wakaikimbilia. Lakini sauti yake ilikuwa na kasoro: hapakuwa na tundu la kusikilizia, na mpaka mwaka 2010, programu yake iliporekebishwa, mtumiaji hakuweza kuweka mwenyewe kipimo cha sauti. Kamera ilijiamulia. Tena kila kipande cha video kilikoma baada ya dakika 12 hivi, na ngano ndefu haingojei mtu aibonyeze kamera upya. Hata nguo zenye mistari ya karibu karibu zilionekana kuchezacheza, kwa sababu kamera iliruka baadhi ya mistari ya kihisi iliposoma picha.

Yafaa kueleza hasara ya kamera kujiamulia kipimo cha sauti. Msemaji anyamazapo, kamera huongeza usikivu wake na kuchukua kila mvumo ulio karibu. Kisha likija neno lenye kidoko, mlio wake wa ghafla hukuta usikivu uko juu na kuharibika. Hapo kamera hupunguza usikivu kwa haraka, na irabu ifuatayo huandikwa ikiwa dhaifu kuliko ilivyosemwa. Atakayepima nguvu za sauti hizo baadaye atapima tabia ya kamera, wala hatapima ulimi wa Mhadzabe. Basi sharti la kwanza kwa kamera ya Singida ni kwamba kipimo cha sauti kiweze kuwekwa kwa mkono.

Sharti la pili linahusu kubanwa kwa sauti. Kamera nyingi huandika sauti kwa mifumo ya kubana ili kupunguza ukubwa wa faili. Mifumo hiyo huyaacha yale ambayo sikio la kawaida halitayakosa, na mara nyingi huanza na milio ya juu kabisa. Kwa mtazamaji wa filamu hasara hiyo ni ndogo. Kwa mwanaisimu ni kubwa, kwa kuwa mkwaruzo wa kidoko cha meno na wa baadhi ya konsonanti umo katika milio hiyo. Inafaa kuchagua kamera iandikayo sauti isiyobanwa, au kutumia kinasa sauti cha pekee na kuiunganisha sauti yake na picha kwa mlio wa kupiga makofi mwanzoni na mwishoni. Kwa njia hiyo mpiga filamu wa leo hurudia utaratibu wa Vugiri wa kutenga sauti na picha, ila sasa maneno ni ya msemaji mwenyewe.

Sharti la tatu ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Maikrofoni iliyo juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa msemaji, hupokea sauti iliyo chini kwa desibeli 20 hivi kuliko maikrofoni iliyobanwa kifuani, sentimita 30 kutoka kinywani. Hakuna kamera, hata iwe ya bei gani, iwezayo kurudisha kilichopotea hewani. Tena Singida ni nchi ya upepo, na upepo ukipiga maikrofoni tupu hutoa mngurumo mzito ulio karibu na kimo cha sauti ya mwanamume mzima. Kinyaturu ni lugha ya toni, na toni husomwa katika kimo hicho hicho. Kwa hiyo kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, kilicho rahisi kuliko lenzi yoyote, chaweza kuokoa utafiti mzima.

Kuhusu picha, mabishano mengi huwa juu ya ukubwa wa kihisi. Kile kiitwacho cha inchi moja kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8 tu, jina lake limerithiwa kutoka kwa mirija ya kamera za zamani, ambayo kipenyo chake cha nje kilikuwa kikubwa kuliko sehemu ipokeayo picha. Kihisi cha aina iitwayo Micro Four Thirds ni milimita 17.3 kwa 13. Kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kina eneo la zaidi ya mara saba ya kile cha inchi moja. Lenzi ikifunguliwa sana, kihisi kikubwa hufaa penye mwanga haba, na huuacha usuli katika ukungu, jambo lipendwalo katika filamu za kubuni.

Lakini ngano husimuliwa jioni, na haisimuliwi na mtu mmoja. Hadhira huitika, hucheka na huimba kiitikio, na mtafiti wa fasihi simulizi huhitaji kuuona uso wa msikilizaji sawa na wa msimuliaji. Giza hudai lenzi ifunguliwe. Hadhira hudai ifungwe ili wote waonekane wazi. Baadhi ya watu hudhani kihisi kidogo huondoa ugumu huu. Kwa kweli, picha ikiwa ya eneo lile lile na uwazi wa mbele na nyuma ukiwa sawa, vihisi vyote hupokea mwanga wa kiasi kinachokaribiana. Kikubwa humpa mtumiaji hiari zaidi, lakini hakimwondolei haja ya taa. Taa mbili ndogo za betri, zilizowekwa ubavuni pasipo kuwakera wasikilizaji, husaidia kuliko kubadili kamera.

Kwa mfano wa kamera za karibuni, Canon XA50 ya mwaka 2019 ina kihisi cha inchi moja, lenzi isiyobanduka iwezayo kuvuta mara 15, na matundu ya maikrofoni za kitaalamu. Lenzi isiyobanduka ni faida kubwa wakati wa kiangazi, maana vumbi haliingii ndani. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 hupiga mfululizo bila kikomo cha dakika na huweza kuandika katika kadi mbili kwa pamoja, hivyo kadi moja ikiharibika nyingine hubaki. Lakini lenzi zake hubadilishwa, na maikrofoni za kitaalamu huhitaji kiungo cha ziada. Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ya mwaka 2018 hutoa picha inayokubali sana kusahihishwa rangi baadaye, jambo la manufaa pale uso mweusi unapokuwa mbele ya anga nyeupe ya adhuhuri. Lakini betri yake ndogo huisha kwa muda wa saa moja au pungufu, na kijiji kinachotegemea sahani ya jua hakiwezi kuilisha kwa urahisi.

Pana tena gharama isiyoonekana dukani. Video iandikwayo kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Saa 20 za mazungumzo ni gigabaiti 900, na kwa kuwa nakala moja si hifadhi, mtu ahesabu gigabaiti 1800 kwa uchache. Kanda za dijitali za zamani, zikihamishwa, huchukua gigabaiti 13 hivi kwa saa, yaani 260 kwa saa hizo 20. Ikiwa fedha hazitoshi kununua kamera ya 4K pamoja na vihifadhi viwili, ni heri kupiga picha ya kipimo cha 1920 kwa 1080 na kuwa na nakala salama, kuliko kuwa na picha kubwa iliyomo katika kihifadhi kimoja kilichoanguka njiani.

Baada ya mizani hiyo, shauri lililo wazi ni hili. Kwa filamu ya kubuni yenye waigizaji na muda wa kupanga taa, kamera ya kihisi kikubwa na lenzi za kubadilisha yastahili gharama yake. Kwa masimulizi, matambiko na mazungumzo ya vijijini, kamera ya lenzi moja isiyobanduka, yenye kipimo cha sauti cha mkono na betri za saa nyingi, ni bora, hata kama picha yake haisifiwi sana mjini. Na katika hali zote mbili fedha za maikrofoni zitengwe kabla ya fedha za kamera.

Mwisho, chombo chema hakiondoi wajibu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 yataka upigaji filamu uwe na kibali. Zaidi ya hicho, msemaji anapaswa kuelezwa kwa lugha aielewayo sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikia, na ridhaa yake irekodiwe pamoja na jina la lugha, mahali na tarehe. Rekodi isiyo na maelezo hayo, hata iwe na nukta ngapi, baada ya kizazi kimoja itabaki kuwa sura ya mtu asiyejulikana akisema neno lisilojulikana.